Panya wa Ulaya na Jua la Gachoka

Mjukuu wangu alipotuomba tumsindikize Meru kupeleka posa, sikuuliza mengi kuhusu ukoo wa msichana. Niliambiwa ni watu wa kanisa, wenye majani chai na migomba, na kwamba nyanya wa msichana bado yu hai na ndiye mwenye boma. Hayo yalinitosha. Tulifika asubuhi, tukaketishwa sebuleni kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, wazee wakaanza maneno yao ya kuzunguka, na wanawake wakatuletea uji. Bibi mmoja mrefu, nywele nyeupe pe, alipita akimsalimia kila mgeni kwa mikono miwili. Aliponifikia, mikono yake haikuniachilia. "Ciarunji?" akasema. "Si wewe ni Ciarunji wa Gachoka?" Kabla sijafungua mdomo akawageukia wenziwe, akicheka kicheko kile kile cha ujana wake. "Huyu mnamwona? Tulifanya kazi pamoja kwa mzungu siku za Imajensi, wakati wa Mau Mau. Mimi nilikuwa yaya, na yeye kazi yake ilikuwa kupoza panya! Anawawekea magunia ya maji, anawapepea kama maharusi!" Sebule nzima ikacheka. Mjukuu wangu akacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa posa yetu ilikuwa bado haijajibiwa, lakini uji ule sikuumaliza. Yule bibi, nyanya wa msichana, ni Kanana. Posa ilikubaliwa, vijana wamefunga ndoa na wanaishi vizuri, na sina nia ya kuwavurugia. Ila sijapenda kisa changu kibaki mikononi mwa mtu aliyekigeuza kuwa cha kuchekesha. Nitakieleza mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yangu Nyaga, aliyekuwa fundi cherehani mjini Embu, alikuwa amekamatwa kwa kosa la kushona makoti. Walisema yalikuwa makoti ya watu wa msituni, kwa sababu mifuko yake ilikuwa mirefu kuliko ya kawaida. Nyaga alisema mteja ndiye aliyetaka mifuko hiyo, na fundi hamwulizi mteja atatia nini mfukoni. Hakuna aliyemsikiliza. Walimzungusha huku na huku, na mwishowe tukapata habari kwamba ameletwa kambi ya kazi iliyokuwa mwendo wa saa mbili kutoka Gachoka, mahali wafungwa walipochimba mfereji juani. Huo ndio mwaka ambao mzungu mmoja, msimamizi wa kambi ile, alijengewa nyumba ya mabati kando ya soko letu, akahamia kutoka Timau na mke wake, tuliyemwita Memsahib. Nilikwenda kuomba kazi ya kuchota maji. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuwa karibu na watu wanaomjua aliyeshika ufunguo.

Walikuja na gari la mizigo lililojaa viti, vyungu vya maua vilivyokauka njiani, na sanduku la mbao lenye waya mbele. Ndani ya sanduku mlikuwa na wanyama saba, wanene, wasio na mkia, wenye manyoya marefu ya rangi tatu kama blanketi la viraka. Memsahib alitaja jina lao la Kiingereza ambalo ulimi wangu ulikataa, nasi tukawaita panya wa Ulaya. Miaka mingi baadaye nilisikia kwenye redio kwamba Watanzania huwaita simbilisi. Walikuwa wa binti yao, Ana, aliyekuwa akisoma shule ya bweni na ambaye angekuja likizo ya Pasaka. Sanduku liliwekwa verandani, juu ya sementi, chini ya mabati. Ilikuwa Januari. Aliyezoea baridi ya Timau hawezi kujua mabati ya Gachoka hufanya nini Januari saa nane mchana. Siku ya tatu wawili walikutwa wamelala ubavu, miguu imenyooka, vinywa wazi. Memsahib alilia waziwazi mbele yetu, na Kanana, yaya waliyekuja naye, akasimama kando akijipepea kwa aproni na kusema kwa sauti ya chini, "Watakufa wote hawa. Hata mimi nitakufa."

Mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kwetu hata mtoto wa mbuzi hawekwi juu ya jiwe mchana. Nikamwambia Kanana amwambie Memsahib kwamba nikiruhusiwa nitawaokoa waliobaki. Kanana alikuwa na Kiingereza cha shule ya misheni na cha miaka minne ya kulea mtoto wa watu. Mimi sikuwa na hata darasa moja. Kimeru chake na Kimbeere changu vilielewana nusu, nusu iliyobaki tuliiziba kwa Kiswahili, na kila neno la Kiingereza lililonifikia au kutoka kwangu lilipita kinywani mwake. Alizungumza, Memsahib akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe nasema weza?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. "Naweza, Memsahib." Akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu. "Kama hawa tano iko mzima siku Ana narudi, mimi nasaidia wewe. Wewe nataka nini?" Sikuhitaji kufikiri. Nilisema jina la kaka yangu. Hakuelewa, akamgeukia Kanana, na Kanana akamweleza kirefu. Memsahib akatazama sanduku, kisha akaitikia kwa kichwa. "Anasema atamwambia Bwana," Kanana akanitafsiria. "Ana neno, huyu mama. Akiahidi anatimiza." Na kweli, sijawahi kusema kwamba Memsahib hakutimiza.

Basi nikawahamisha. Nyuma ya nyumba palikuwa na mkwaju mkubwa, na chini yake upepo wa mchana ulipita bila kuzuiwa. Nikachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, nikatandaza mchanga wa mtoni, nikaulowesha, juu yake nikapanga mawe bapa, kisha sanduku juu ya mawe. Upande wa upepo nikatundika gunia lililoloweshwa, nikaliacha lifike chini kwenye sufuria ya maji ili linywe lenyewe. Wanyama wenyewe sikuwamwagia maji hata siku moja, kwa maana mnyama aliyelowa hushikwa na kifua. Nilichukua mtungi mdogo wa udongo uliomeguka shingo, nikaujaza maji, nikauziba kwa gunzi na kuulaza ndani ya sanduku, na baada ya siku mbili wakajifunza kuuegemea, watano wamepangana kama watu benchini. Niliwapunguza manyoya kwa mkasi wa kushonea wa Memsahib. Majani nilikata alfajiri yakiwa na umande, na mchana niliwapa vipande vya tango na tikiti maji. Saa sita hadi saa kumi nilikaa palepale, gunia likikauka naloweka, kivuli kikisogea nasogeza. Walikuja kunijua. Waliposikia tu mpini wa ndoo ukilia, walipiga mluzi wote kwa pamoja, wiii, wiii, kama watoto walioona mama anatoka shambani.

Maji hayo yalikuwa na uzito usiopimwa kwa ndoo. Kijiji chetu kilikuwa kimezungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, ili tusiwapelekee chakula watu wa msituni, na lango lilifunguliwa kwa saa moja tu asubuhi ili wanawake wakimbie mtoni na kurudi. Mimi nilikuwa na karatasi ya ruhusa, nilipita nitakavyo. Nikikutana nao njiani walinipisha kama anavyopishwa mwenye upele. Siku moja, nikiwa nalowesha gunia, niliwasikia wawili nje ya ua. "Panya wa mzungu wanaoga, watoto wetu midomo imepasuka." Mwenzake akajibu, "Mwache. Mbuzi hula alipofungwa." Nilitamani kutoka niwaambie kwamba sikuwa nikilowesha panya, nilikuwa nikilowesha kamba iliyomfunga Nyaga hadi ilegee. Sikutoka. Nilimwambia Kanana jioni, tukila.

Tulikaa chumba kimoja, mimi na Kanana, nyuma ya jiko: kitanda kimoja cha kamba, sanduku lake la bati, kioo kidogo kilichokwama kwenye msumari, na harufu ya moshi na sabuni. Alinizidi miaka mitano nami nilimwita dada. Hakupenda ugali wetu wa mtama, alisema unakwaruza. Lakini kunde nilizozipika na mafuta ya jikoni kwa Memsahib alizila hadi akaikwangua sufuria. Aliniambia juu ya viazi vya Timau, juu ya ngano inayofika hadi macho yanapochoka, juu ya asubuhi ambazo maji kwenye beseni huganda utando wa barafu. Mimi nilimwambia juu ya Nyaga, kila kitu: jinsi anavyoshika sindano kwa meno, wimbo anaoupenda, jinsi alivyoapa kunishonea gauni la mikono mirefu. Aliniuliza maswali mengi. Alitaka kujua kama kaka yangu ana mke. Alitaka kujua kama ni mgonjwa. Nilidhani ni mapenzi ya dada. Mara kwa mara nilimkuta amesimama kwenye ua wa waya mstari wa wafungwa ukipita mbali na majembe begani. "Unamtafuta nani, dada?" nilimwuliza. "Naangalia watu tu," akasema, akarudi kupiga pasi. Leo najua kwa nini mwanamke anayechukia joto vile alikubali kuwafuata wazungu hadi Gachoka. Siku zile sikujua, wala hakuniambia, na hilo ndilo linalonichoma kuliko mengine yote. Angeniambia, huenda tungelia pamoja. Huenda ningempa zamu yangu. Sijui. Hakunipa nafasi ya kujua.

Machi iliingia na jua likazidi. Mbuzi walikufa huko nyikani, mtungi wa kunywa jikoni ukawa na maji ya vuguvugu, lakini panya wangu watano walikuwa wazima na mmoja wao amenona tumbo. Wiki moja kabla ya Pasaka Memsahib alikuja chini ya mkwaju, akachuchumaa, akamshika mmoja mmoja na kumgusa pua. "Muzuri sana," akasema. Kisha akamwita Kanana, akasema naye kwa Kiingereza, akampa karatasi na penseli. Kanana akanieleza, "Bwana amekubali. Mtu mmoja. Anataka jina la ndugu yako na namba yake ya kambi viandikwe vizuri asije akakosea." Namba ya Nyaga niliijua kwa moyo, niliitaja, na Kanana akainama juu ya beseni lililogeuzwa akaandika. Nilimtazama akiandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, na alipomaliza aliipuliza karatasi kana kwamba ni wino. Niliona alama zile nikazipenda. Nilifikiri, kumbe kaka yangu anafanana hivi akiandikwa.

Siku ya tatu yake nilipewa barua yenye mhuri nipeleke mwenyewe kambini. Nilitembea saa mbili bila kuhisi njia. Nilikuwa nimebeba kibuyu cha uji wa mwele na shati safi la Nyaga. Karani wa langoni, Mwafrika mwenzetu mwenye miwani, aliisoma, akaipeleka ndani, akaniambia ningoje chini ya mgunga. Niliketi. Jua lilipopita utosini lango likafunguliwa akatoka mwanamume mmoja mrefu, kichwa kimenyolewa, shingo imekuwa kama ya ndege. Hakuwa Nyaga. Alisimama akipepesa macho, hajui aende wapi, midomo imekauka vibaya. Nikamhurumia. Nikampa kibuyu, nikasema anywe kidogo, nangoja ndugu yangu. Akanywa, akakizuia kifuani, akanywa tena. "Mungu akuone, dada," akasema kwa lafudhi ya Meru. "Kwa mzungu wa soko ni njia gani? Nimeambiwa mchumba wangu ananingoja huko." Nikamwonyesha njia. Niliendelea kungoja. Kivuli kilipogeuka nilimwendea karani. "Ndugu yangu atatoka saa ngapi?" Karani akanitazama juu ya miwani. "Si ametoka? Barua yako ni ya Mwiti. Mwiti ametoka." Nikasema hapana, ni ya Nyaga. Akaifungua barua, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma jina na namba, silabi kwa silabi, kama mtu anayemsomea kiziwi. Namba haikuwa ile niliyoitaja.

Niliporudi, Mwiti alikuwa ameketi jikoni anakula, na Kanana amesimama nyuma yake, mikono juu ya mabega yake. Aliponiona alitoka nje haraka akanikuta penye kamba ya nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilidhani atasema Bwana amekosea, au kambi imebadilisha. Hakudanganya. Alisema, "Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, Ciarunji. Ingekuwa mkononi mwako ungeandika la nani?" Nikamwambia ningekuwa nimemwambia kwanza. "Hapo ndipo ungemwua wako," akasema. "Ningekwambia, ningekuonea huruma. Ningekuonea huruma, mtu wangu angekufa." Nilimpita nikaenda moja kwa moja verandani kwa Memsahib. "Memsahib," nikasema, "yule si ndugu yangu. Ndugu yangu iko kambi bado." Alikunja uso, hakuelewa, akamwita Kanana. Na hapo nikarudia kosa lile lile la kijinga: nikasimama nikingoja Kanana anisemee. Alisema Kiingereza kirefu, kwa sauti ya upole, macho chini. Nilimwona Memsahib uso ukibadilika, ukawa mwekundu kwenye shingo. "Moja," akaniambia, ameinua kidole. "Mimi nasema moja. Nimetoa moja. Hapana leta ingine, ingine, ingine. Wewe hapana shukrani?" Akaingia ndani. Kanana hakunitazama. Mtu hahitaji Kiingereza kujua ametafsiriwa vipi.

Kesho yake sikuloweka gunia. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kueleza mwenyewe, na siwezi kueleza ya Kanana nikaficha yangu. Niliwapa majani, nikakaa hatua kumi kutoka pale, mgongo kwenye mkwaju, ndoo kati ya magoti. Saa saba gunia lilikuwa limekauka kama ngozi. Wakapiga mluzi. Nilikaa. Baada ya muda mluzi ukaisha, nikasikia pumzi zao, fupifupi, kama cherehani inayokwenda bila nguo. Walikuwa wakinitazama. Hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wameniamini tu, kama nilivyomwamini mwenzangu, na mimi nilikuwa na ndoo iliyojaa. Nilipoinuka kulowesha gunia alikuwa amekwisha kufa mmoja, yule mwenye tumbo. Ana aliporudi siku ya Ijumaa hakunigombeza. Alikuja na macho yaliyovimba, akasimama mbele yangu, akaweka paji lake la uso kwenye aproni yangu na kulia, mtoto wa miaka tisa, na mimi nikamshika kichwa. Kanana na Mwiti walikuwa wameshapanda lori la kwenda Meru. Wiki iliyofuata niliacha kazi, na nilipoolewa, nikiwa na watoto watatu, nilikwenda kukaa kwenye benchi la ngumbaru kujifunza kusoma pamoja na wazee ili nisije tena nikapenda mwandiko nisioujua unasema nini.

Nyaga alitoka mvua mbili zilipokuwa zimepita. Alikuja kwa miguu, amekonda, na kikohozi ambacho hakikumwacha hadi alipokufa akiwa mzee. Nilimpikia kunde na ugali wa mtama, akala polepole, akipumzika kati ya matonge. Nilikuwa nimejipanga kumwambia yote. Nilingoja tu amalize kula. Lakini yeye ndiye aliyeanza. "Unajua ni nini kilichonishikilia kule?" akasema. "Kuna Mmeru mmoja tuliyelala mkeka mmoja, Mwiti. Asubuhi moja karani akaita jina lake. Alidhani anapelekwa kupigwa, akatetemeka mpaka nikamshika mkono. Kumbe anaachiliwa! Hakuwa na kitu miguuni, nikavua akala zangu nikampa. Nikamwambia, ukitoka nje tembea, usikimbie, wasije wakakupiga risasi. Nakwambia, Ciarunji, sijawahi kufurahi vile. Nilijisemea, basi mlango huu hufunguka, na kama umefunguka kwa huyu utafunguka kwangu. Kila nilipotaka kujilaza chini nisiinuke, nilimkumbuka yule akitoka." Akameza, akatabasamu, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. "Alikuwa mnyonge sana. Mpaka leo najiuliza kama alifika kwao."

Nikachukua sahani yake nikamwongezea kunde.

"Alifika," nikasema.